Jogoo wa Kigeni na Kuku wa Machakos: Historia ya Elimu ya Uzalishaji

Kuku si mnyama mwenye asili ya Afrika. Mhenga wake ni kuku mwekundu wa porini wa kusini-mashariki mwa Asia, naye aliletwa Afrika Mashariki kwa njia ya Bahari ya Hindi. Uchunguzi wa vinasaba, yaani chembe za urithi ambazo mzazi humwachia mwana, umeonyesha kwamba kuku wa eneo hili wana nasaba zinazofika Bara Hindi na nyingine zinazofika mbali zaidi mashariki, jambo linaloashiria kwamba waliingia kwa nyakati tofauti. Mifupa yao imefukuliwa Shanga, katika kisiwa cha Pate, mji ulioanza katika karne ya 8. Njia ya misafara kutoka Mombasa ilipita Ukambani, nchi ambamo Machakos imo, na Wakamba, waliovuma katika karne ya 19 kwa biashara ya pembe za ndovu, walikuwa wameiunganisha pwani na bara muda mrefu kabla ya kampuni ya Waingereza kujenga kituo chake Machakos mwaka 1889.

Anayeitwa leo kuku wa kienyeji ni yule aliyechujwa na mazingira ya Afrika Mashariki kwa vizazi vingi, akijitafutia chakula uani, akimkwepa mwewe na kuvumilia miezi ya kiangazi. Ndani ya kundi moja hupatikana maumbo mengi: kishingo asiye na manyoya shingoni, kidimu ambaye manyoya yake yamejipinda kuelekea nje, na kwingineko pwani kuchi, mrefu na mwenye kifua kipana. Maumbo haya si mapambo tu. Kishingo ana manyoya machache kuliko kuku wa kawaida, kwa hiyo hupoteza joto la mwili kwa urahisi, na katika nyanda za chini za Machakos sifa hiyo ina faida ya kweli. Jicho lililomchagua jogoo wa kubaki na yule wa kuchinjiwa mgeni lilikuwa, kwa sehemu kubwa, jicho la mwanamke mwenye boma, na historia iliyoandikwa haijampa heshima anayostahili.

Jicho la namna nyingine lilitoka Uingereza, ambako onyesho kubwa la kwanza la kuku lilifanyika mwaka 1845 katika bustani ya wanyama ya London. Mwaka 1865 kilichapishwa huko kitabu cha viwango, yaani maelezo ya umbo, rangi na upanga (ile nyama nyekundu ya utosini) ambayo kila aina ilipaswa kuwa nayo, na kuanzia hapo mwamuzi alimpima kuku kwa ukaribu wake na maelezo hayo. Desturi ya maonyesho iliwafuata walowezi hadi Kenya: chama chao cha kilimo, ambacho leo ni Chama cha Kilimo cha Kenya, kilianzishwa mwaka 1901 na kufanya onyesho lake la kwanza Nairobi mwaka 1902. Mwaka huohuo wa 1902 mwanasayansi William Bateson alithibitisha, kwa kuchunguza maumbo ya upanga, kwamba kanuni za urithi alizozigundua Mendel katika njegere zinatawala pia wanyama. Hapo ndipo msingi wa kwanza wa uzalishaji ulipoeleweka kisayansi, kwamba sifa inaweza kufichika katika kizazi kimoja na kujitokeza katika kinachofuata, na kwamba jogoo mzuri kwa macho si lazima azae watoto wanaofanana naye.

Serikali ya kikoloni iliwatazama Wakamba zaidi kupitia ng'ombe wao. Mwaka 1938, ilipowachukulia mifugo kwa hoja ya kwamba ilikuwa imezidi malisho na kuharibu udongo, maelfu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishiwa Lamu. Kuku hawakuwamo katika hesabu hiyo, na ujuzi wa kuwazalisha ukaendelea bila kuingia katika madaftari ya maofisa.

Ulipokuja mpango wa taifa wa kuendeleza kuku, ulioanza mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi, ujuzi huo haukuwekwa mbele. Mkulima alitoa jogoo wake wa kienyeji akapewa wa kigeni, ili vifaranga wawe wazito na watage zaidi. Vifaranga walikua kweli, lakini mitetea iliyozaliwa ilipungukiwa na hamu ya kuatamia, yaani kulalia mayai kwa siku 21 hadi yaanguliwe, kwa kuwa aina za kigeni zilikuwa zimechaguliwa kwa miongo mingi ili ziendelee kutaga badala ya kulalia. Kwa mkulima asiye na mashine ya kuangulia, kuku asiyeatamia hawezi kumpatia kundi jingine, na hasara hiyo ilikuwa nzito kuliko faida ya mayai ya ziada. Kosa halikuwa la jogoo wa kigeni, bali la kumchagua kabla ya kuuliza kazi zote ambazo mtetea hufanya bomani.

Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KALRO, katika kituo chake cha Naivasha, ilifuata baadaye njia nyingine: ilikusanya kuku kutoka sehemu mbalimbali za nchi na kuwachagua kwa vizazi mfululizo hadi ikapata kuku wa kienyeji walioboreshwa. Hata hao huatamia kwa shida, na kwa sababu hiyo wafugaji wengi hutumia mashine, au huyaweka mayai yao chini ya mtetea wa kienyeji halisi, ambaye huyaangua na kuwalea vifaranga wasio wa damu yake.