Pikipiki ni chombo cha daraja gani?

Nusu karne ya kupanga na kupangua sheria za magurudumu mawili jijini Dar es Salaam

Simama saa tano asubuhi pale Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi unapokatana na Barabara ya Uhuru, uhesabu pikipiki kwa dakika tano tu. Itapita iliyofungiwa robota la mitumba, kubwa kuliko dereva mwenyewe. Itafuata iliyombeba mama aliyekaa kiupande, kikapu mapajani. Kisha ya kijana wa ofisini, namba ya njano, haina abiria wala mzigo. Bajaji itajipenyeza, guta lililojaa ndoo za plastiki litaziba njia, na kabla hujamaliza kuhesabu utasikia filimbi ya trafiki. Askari yule ana swali moja ambalo limewasumbua watunga sheria wa nchi hii tangu miaka ya sabini: hiki kilicho mbele yangu ni chombo cha daraja gani?

Waandaaji wa mashindano ya mbio walikutana na swali hilo mapema, wakalijibu kila mmoja kwa namna yake. Mbio za pikipiki za Isle of Man zilipoanza Mei 1907, madaraja yalikuwa mawili, silinda moja na silinda mbili, na kila daraja lilipimiwa petroli. Mwenye silinda moja alitakiwa aende maili 90 kwa galoni, mwenye mbili maili 75. Ukikimbia kama mwehu ukamaliza mafuta njiani, shauri yako. Waandaaji walikuwa wanatafuta pikipiki ya mtu wa kawaida, siyo dude la mbio.

Huku kwetu mfano ni wa magari, lakini unafundisha vilevile. Mashindano ya Safari Rally yalipozaliwa mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari hayakupangwa kwa ukubwa wa injini. Yalipangwa kwa bei yake dukani. Washiriki walikuwa watu wenye kazi zao, mafundi, wafanyabiashara na walowezi waliokuja na magari yao wenyewe, na mwaka ule hapakuwa na mshindi wa jumla, kila daraja na mshindi wake. Mantiki yake mnunuzi wa Kariakoo ataielewa upesi kuliko mhandisi: nina pesa hizi, kati ya magari ya pesa hizi lipi halifi kwenye tope? Ilichukua miaka kadhaa Safari kuingia kwenye kanuni za kimataifa, na Bert Shankland, aliyekuwa na makazi yake hapahapa Dar es Salaam, aliposhinda na Peugeot 404 mwaka 1966 na tena 1967, ile hesabu ya bei ilikuwa hadithi ya zamani.

Petroli, bei, injini. Kila kigezo kinakwambia aliyekichagua alikuwa anatafuta nini, au anaogopa nini. Ukiisoma historia ya pikipiki Dar es Salaam kwa jicho hilo, unaona jambo ambalo vichwa vya habari vya ajali huwa vinalifunika. Serikali imebadili kigezo mara nne au tano, na karibu kila mara ilibadili baada ya mtaa kuwa umeshajipangia madaraja yake.

Sheria mbili kubwa zinazohusika, ile ya usalama barabarani na ile ya leseni za usafirishaji, zote zilitungwa mwaka 1973. Pikipiki ya wakati huo unaijua kama umekulia kijijini: Honda ya bwana shamba, ya padri, ya mratibu wa elimu. Ilikuwa chombo cha mtu mmoja na kazi yake. Abiria wa kulipa nauli alikuwa na basi au teksi, basta. Mwaka uliofuata likaanzishwa shirika la mabasi la UDA, na usafiri wa Dar es Salaam ukawa jambo la serikali kwa maandishi. Hakuna aliyekaa kuandika kifungu cha pikipiki ya nauli, maana hakuna aliyeiona.

Neno bodaboda lenyewe halikuzaliwa huku. Lilitoka mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako vijana wa baiskeli walivusha watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. Lilipofika Dar es Salaam lilikuwa limeshapata injini. Miaka ya 2000 pikipiki za Kichina zilianza kumiminika, zikija vipandevipande ndani ya makreti na kufungwa na mafundi mjini. SanLG, Fekon, T-Better: majina hayo yalienea haraka kuliko majina ya wabunge. Jiji nalo lilikuwa limeiva kuzipokea. Foleni haziendi, daladala haziingii vichochoro vya Tandale wala Mbagala ya ndani, na vijana wasio na ajira wamejaa.

Kwa miaka hiyo ya mwanzo biashara yote ilikuwa haramu. Pikipiki haikuwa na namna ya kupata leseni ya kubeba abiria, kwa hiyo mbele ya trafiki abiria hakuwepo. Aliyekaa nyuma alikuwa binamu, jirani, shemeji. Sijui mji gani mwingine uliowahi kuwa na mashemeji wengi kiasi kile barabarani.

Wazee wa mji hawakushangaa. Waliyaona hayohayo kwa daladala, ambazo zilisafirisha watu kwa kujificha hadi zilipohalalishwa mwaka 1983, nauli yake ya dala, yaani shilingi tano, ikiwa imeshazipa jina. Kwa pikipiki, mlango ulifunguliwa na marekebisho ya sheria ya leseni za usafirishaji ya mwaka 2009, na kanuni za pikipiki na bajaji zikafuata mwaka 2010. Bodaboda akawa msafirishaji. Leseni ilikuwa ya SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati huo, halmashauri zikiwa wakala wake. Leo SUMATRA haipo, kazi hiyo ni ya LATRA, iliyoundwa mwaka 2019. Masharti yalikuwa mafupi na ya kueleweka: kofia ngumu kwa dereva na kwa abiria, abiria mmoja tu, mtoto wa chini ya miaka tisa asipandishwe.

Abiria mmoja tu. Hapo ndipo lilipochipuka neno ambalo nadhani ni mchango mkubwa wa bodaboda kwa Kiswahili cha barabarani: mshikaki. Watu wawili au watatu wamepangwa nyuma ya dereva kama vipande vya nyama kwenye kijiti, na moto uko chini yao. Aliyelibuni alikuwa amekaa kando ya jiko la mkaa jioni, hilo halina ubishi. Mshikaki ni kosa la kisheria, ila ukiutazama kwa jicho la mchumi ni nauli iliyogawanywa. Wanafunzi wawili wa sekondari wenye buku moja baina yao hawana uwezo wa kuwa abiria mmojammoja. Mama aliyefunga biashara usiku na binti yake hawatachukua pikipiki mbili zifuatane. Kanuni ilihesabu vichwa. Mtaa ulihesabu pesa, kama Safari ya 1953. Ndiyo maana marufuku hiyo, pamoja na wagonjwa wa ajali za pikipiki wanaojaza vitanda vya Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, haijawahi kuumaliza mshikaki.

Upande wa leseni ya udereva, kigezo ni injini. Daraja A ni la pikipiki inayozidi cc 125 au kilo 230. A1 ni ya chini ya hapo. A2 ni ya vyombo vya magurudumu matatu au manne, ndiko bajaji ilipo. A3 ni ya vile vipikipiki visivyozidi cc 50. Ukiyasoma haya ukiwa mpenzi wa mbio utatabasamu, kwa sababu 125 lilikuwa daraja la ubingwa wa dunia tangu 1949 mpaka lilipofutwa mwisho wa msimu wa 2011. Ulaya wakalizika, Kariakoo likaendelea kula robota la mitumba.

Hapa inabidi tuingie gereji kidogo. Injini iliyozaa sehemu kubwa ya pikipiki za Kichina tunazoziona mitaani ni ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama yetu, ambako pikipiki hupakia kupita kiasi na oili hubadilishwa fundi akikumbuka. Wahandisi waliachana na mnyororo wa juu ya injini, wakarudi kwenye vijiti vya kusukuma valvu, ufundi wa zamani usiodai matunzo. Silinda yake ina upana wa milimita 56.5 na pistoni husafiri milimita 49.5. Piga hesabu, utapata cc 124 na ushee. Kwa hiyo ile inayoitwa 125 kijiweni, kisheria iko chini ya mstari. Sasa chukua ile ya 150: mwendo wa pistoni ni uleule, 49.5, kilichoongezeka ni upana wa silinda tu, milimita 62. Kati ya daraja A1 na A, basi, kuna bloku na pistoni. Kwa macho, barabarani, hutaijua tofauti. Kwenye mashindano fundi wa waandaaji huifungua injini ya mshindi baada ya mbio na kuipima. Trafiki wa Msimbazi hana spana, na foleni iliyo nyuma yake haina subira.

Mwaka 2014 kigezo kikahama kutoka kwenye chombo kwenda kwenye ramani. Mamlaka za mkoa zilizuia bodaboda na bajaji kuingia katikati ya jiji, na baadaye watu wenye ulemavu wanaoendesha bajaji wakapewa nafasi yao. Kariakoo ikajikuta kwenye mpaka, ikageuka kuwa bandari: abiria anashushwa upande wa huku, anavuka kwa miguu. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza, kukaongezeka mpaka mwingine, wa njia ndani ya barabara. Bodaboda anayeingia njia ya mwendokasi anaokoa dakika kumi na anacheza na basi ambalo dereva wake hatarajii kumkuta mtu.

Badiliko lililonivutia kuliko yote halikutoka kwa mhandisi wala kwa polisi. Lilitoka kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2021. Hadi siku hiyo kosa la barabarani lilikuwa na faini moja, shilingi 30,000, uwe na basi la abiria sitini au pikipiki ya abiria mmoja. Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alipendekeza faini ya pikipiki na bajaji ishuke hadi shilingi 10,000 kwa kosa, na ikashuka. Noti nyekundu ya elfu kumi mtaani inaitwa msimbazi, kwa rangi ya klabu ya mtaa huohuo. Kutoka misimbazi mitatu hadi mmoja: kwa mara ya kwanza kitabu cha makosa kilikiri kwamba pikipiki si basi dogo, ni daraja lake. (Furaha ya Kariakoo ilikuwa fupi. Usiku wa Julai 10 mwaka huohuo soko kuu, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli, liliungua, na mizigo iliyokuwa ikitoka shimoni, sehemu yake ya chini ya ardhi, ikatafuta njia nyingine.)

Lakini ukitaka madaraja yanayotawala kweli maisha ya bodaboda, kaa kijiweni. Juu yupo tajiri, mwenye pikipiki tatu au kumi, asiyeonekana. Chini yake yupo wa mkataba, anayelipa kila siku kwa mwaka mmoja au zaidi ili mwisho kadi iwe yake. Huyu huosha pikipiki kila jioni. Kisha wa hesabu, anayepeleka elfu saba au elfu kumi kila siku na kulala bila kitu chake. Huyu ndiye anayekimbia. Mwisho ni deiwaka, anayeshika usukani saa mbili tatu mwenyewe akiwa amelala. Kijiwe kina kiingilio, foleni, mwenyekiti na adhabu. Ukitaka kujua nani atapita taa nyekundu ya makutano ya Fire saa kumi na mbili jioni, cc hazitakusaidia. Uliza kama ameshatimiza hesabu.

Na sasa zimeanza kuonekana pikipiki za umeme. Hazina silinda, hazina bloku ya kubadilisha, hazina cc hata moja ya kuandika kwenye kadi. Juzi moja ilikuwa kwenye foleni ya kijiwe karibu na Mnazi Mmoja, ikisubiri zamu kati ya pikipiki mbili za petroli aina ya Boxer. Zamu ilipofika ikaondoka na mzee mmoja mwenye bahasha, mwenzake aliyekuwa nyuma akiendelea kupiga soga, maana hakuusikia mlio wa kumwambia kwamba sasa ni zamu yake.