Transista Ndiyo Ilituletea Muziki, si Valvu

Ukifungua video za vifaa vya sauti, lazima upate msee anasifu amplifaya ya valvu, zile glopu za kioo zinazowaka rangi ya chungwa. Anakuambia ati ya transista haina roho. Mimi napinga, na sababu yangu ni historia ya huku kwetu, Kitale na Bungoma.

Valvu ilitangulia. John Ambrose Fleming aliibuni Uingereza mwaka wa 1904, kisha 1906 Lee de Forest wa Marekani akaiongezea kipande cha tatu, kilichoiwezesha kukuza mawimbi madogo. Ndani yake kuna waya unaopashwa moto ndio umeme uruke upande wa pili. Kwa hivyo inakula stima na lazima uingoje ipate joto.

Sasa angalia huku. Reli ilifika Kitale 1926, na Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi. Redio ya Kenya ilianza 1928, kwa Kiingereza, ikiwalenga haohao. Kusikiliza redio ya valvu bila stima kulidai betri mbili: moja ya kupasha waya, nyingine kubwa ya volti kama 90. Mfanyakazi wa shamba angetoa wapi? Muziki ukabaki sebuleni kwa bwana shamba.

Transista ilizaliwa Bell Labs, Marekani, Desemba 1947. Haihitaji kupashwa moto. Mawe manne ya volti 1.5 yanatosha redio ndogo kuimba, hata kijijini Bungoma kusiko na nguzo ya stima. Miaka ya sitini redio hizo zikasambaa, na twist ya Daudi Kabaka ikasikika mbali na mji. Wimbo wake Helule Helule ulivuma hadi The Tremeloes wa Uingereza wakaurudia 1968. Mtu aniambie hapo roho ilikosekana wapi.

Tuwe wakweli lakini: utamu wa valvu upo. Ukiisukuma kupita uwezo wake, haikati sauti ghafla, inaipinda polepole na kuongeza milio ambayo sikio hupenda. Ndiyo maana wapiga gitaa wengi bado wanaitaka. Transista ikizidiwa inakata wimbi kama kisu na unasikia makwaruzo. Ila ikiwa haijazidiwa, inakupa kile kilichorekodiwa studio, bila kuongeza chumvi. Huo utamu wa valvu ni wa mashine, si wa msanii.

Kwa nini hii inakuhusu? Kwa sababu kuna vijana wanaweka akiba wanunue "valvu" za bei nafuu mtandaoni. Nyingi zina kiglopu kimoja au viwili, taa ya rangi imefichwa chini, na kazi ya kusukuma spika inafanywa na chipu ya transista. Unalipia mapambo. Na ukipata ya valvu kamili, usiifungue ovyo: ndani kunaweza kubaki umeme wa kuua hata baada ya kuichomoa.

Ushauri wangu: chukua amplifaya nzuri ya transista, pesa nyingine weka kwa spika. Na ukiambiwa haina roho, uliza redio ya shosho ilitumia nini.

Wewe je, kwenu redio ya kwanza ilikuwa ya aina gani? Uliza wazee, uniandikie hapa chini.