Jinsi ya Kutenganisha Giaboksi ya Otomatiki na Injini Bila Kuua Pampu

Msee, kama uko na ndai ya otomatiki, kuna siku fundi atakuambia giaboksi lazima ishuke. Labda sili ya nyuma ya injini inavuja. Labda giaboksi yenyewe imechoka na umetafuta ingine ya mtumba pale Kirinyaga Road. Kazi huchukua masaa mengi, lakini kuiharibu ni sekunde chache. Giaboksi iliyokuwa fiti asubuhi inaweza kufa jioni hiyo hiyo kabla gari haijatoka gareji. Hapo ndio vita huanza: wewe unasema fundi ameiua, fundi anasema uliuziwa mbovu.

Mara nyingi anayeamua ni dude moja: toki konveta. Ukiielewa hiyo, mengine ni jasho tu. Tutatumia mfano wa Toyota Premio ya 2001 hadi 2007, ile ya injini ya 1NZ-FE na giaboksi ya gia 4, juu iko kila mtaa.

Konveta ni nini?

Gari ya manual iko na klachi. Ya otomatiki haina klachi ya kukanyaga, kwa hivyo konveta ndio hubeba nguvu ya injini kupeleka kwa giaboksi. Ni chuma cha mviringo, kimevimba kama andazi nono, na ndani kimejaa oili.

Upande wa injini, konveta imefungwa kwa bolti kwenye flekisi pleti, lile bamba jembamba lililo mwisho wa krankishafti. Upande wa giaboksi iko na shingo inayoingia ndani na kuzungusha pampu ya oili. Katikati ya hiyo shingo kuna shafti za meno zinazoingia ndani ya konveta.

Kwa hivyo imeshikwa huku na huku. Sheria ni moja: konveta hutoka na giaboksi, haibaki kwa injini. Ukivuta giaboksi kabla ya kuifungua konveta kwenye flekisi pleti, uzito wote unalalia ile shingo. Unararua sili ya pampu, unapinda flekisi pleti, na oili inakuogesha.

Kabla ya kushika spana

Acha injini ipoe. Toa waya wa negativu wa betri. Inua gari na uiweke kwa stendi nne imara. Usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, na mawe ya mjengo si stendi. Giaboksi ni nzito na utaitikisa sana, kwa hivyo hapa watu huumia kweli.

Mwaga oili ya giaboksi kwa chombo safi na upime imetoka kiasi gani. Oili nzuri ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ama iko na vipande vya chuma, sasa unajua shida ilikuwa ndani.

Toa betri, boksi ya hewa, kebo ya gia na plagi zote za waya. Piga picha na simu kabla ya kuchomoa kila moja. Toa paipu mbili za oili zinazoenda kwa radieta na uzizibe, mchanga usiingie. Toa stata. Toa shafti za magurudumu yote mawili.

Kwa Premio injini imelala kwa upana, na giaboksi iko na mauntini yake inayosaidia kubeba huo mzigo wote. Ukitoa hiyo mauntini, injini inalala upande. Kwa hivyo ning'iniza injini kutoka juu kwa kreni ama chuma cha kupita juu ya boneti, kisha ndio ufungue mauntini.

Bolti za konveta kwanza

Tafuta kidirisha kidogo kati ya injini na giaboksi. Utaona kichwa cha bolti moja tu. Ifungue, kisha zungusha injini na spana kwenye bolti ya puli ya krankishafti, ukifuata upande injini yenyewe huzungukia, mpaka ingine itokee. Premio hii iko na bolti 6. Gari zingine ziko na 3 ama 4. Zihesabu.

Zikiisha, sukuma konveta irudi upande wa giaboksi. Inafaa isogee milimita chache na izunguke kwa mkono. Ikigoma, kuna bolti umesahau ama kuna kutu katikati. Usiendelee mpaka isogee.

Kuishusha

Weka jeki chini ya giaboksi, na ubao katikati ndio usitoboe sampu. Fungua bolti zinazoshikanisha giaboksi na injini, lakini acha mbili za mwisho. Urefu wa hizi bolti haufanani. Chora umbo la giaboksi kwa katoni, toboa matundu, na udunge kila bolti mahali pake.

Toa mbili za mwisho na uvute giaboksi kwa usawa, mkono mmoja ukisukuma konveta ndani. Kuna pini mbili za kuongoza ambazo hushika kutu, kwa hivyo kuitikisa kidogo ni sawa. Ikikataa kabisa, usipige patasi kati ya hizo alumini mbili. Tafuta bolti iliyojificha, mara nyingi juu kabisa ama nyuma ya mahali stata ilikuwa.

Ikishuka, funga konveta na waya ama kipande cha chuma isiteleze. Ikianguka ikiwa na oili, mguu wako ndio utalipa.

Ukiwa hapo ndani

Angalia sili ya nyuma ya krankishafti, sili ya pampu, na nyufa kwenye flekisi pleti karibu na matundu ya bolti. Sili ni bei rahisi. Kinachouma ni leba, na leba tayari umelipa. Kuacha sili ya zamani hapo ni kujiandalia kazi hii mara ya pili.

Kurudisha: hapa ndio giaboksi nyingi hufa

Mwaga oili kidogo ndani ya konveta. Iingize polepole kwa giaboksi ukizungusha na kusukuma. Itaanguka ndani hatua kwa hatua, kila shafti ikishika meno yake, na mwisho shingo iingie kwa pampu. Watu wengi husimama kabla ya hiyo hatua ya mwisho, juu konveta tayari inakaa ni kama imeingia.

Ndio maana unapima. Weka rula iliyonyooka kwenye mdomo mpana wa giaboksi, kisha pima kina mpaka pale bolti za konveta hufungwa. Linganisha na kitabu cha gari ama kipimo ulichochukua kabla ya kuichomoa.

Sasa pandisha giaboksi. Inafaa igusane na injini pande zote kwa mkono. Ikibaki nafasi, usiivute na bolti. Hiyo nafasi ni konveta inakuambia haijaingia. Ukikaza, unaponda pampu, na hutaisikia mpaka uwashe gari.

Ikikaa vizuri, konveta bado itazunguka kwa mkono, na utaivuta milimita chache kufikia flekisi pleti. Tumia bolti zile zile. Zilizo ndefu kuliko hizo zinaweza kutoboa konveta.

Weka oili iliyoandikwa kwa dipstiki ya giaboksi, kwa mfano T-IV, si yoyote nyekundu dukani. Anza na kiasi kilichotoka na usizidishe. Washa gari, kanyaga breki, pitisha gia zote kutoka P hadi ya mwisho ukisimama kidogo kwa kila moja, kisha pima tena oili ikiwa moto na injini ikinguruma.

Na kama wewe ni mwenye gari tu?

Huhitaji kushika spana, lakini uliza maswali matatu kabla gari iwashwe. Konveta ilipimwa kina? Giaboksi iliingia kwa mkono ama ilivutwa na bolti? Konveta ilizunguka kabla ya kufungwa? Fundi anayejua kazi atakujibu bila kukasirika, na atakuonyesha. Akikwepa, mwambie aishushe tena sasa. Masaa zaidi ya leba ni afadhali kuliko kurudi Kirinyaga Road kutafuta giaboksi ingine.