Haki ya Paka Nyumbani: Tangu Madina Mpaka Mahurunga

Ndugu msomaji, tuseme nyumba yako iko Mahurunga, katika bonde la Ruvuma, karibu na pale mto unapoingia baharini na ng'ambo yake ni nchi ya Msumbiji. Mpunga umevunwa na kuwekwa ndani. Paka wako, aliyekuwa akiulinda mpunga ule usiku kucha, amezaa watoto wanne chini ya kitanda. Kabla hawajatimiza miezi miwili, mama yao amekutwa uani amekufa, kwa kuwa alikula panya aliyekula sumu. Sasa watoto wanne wanalia mlangoni. Jirani mmoja anakushauri uwatie ndani ya gunia ukawatupe njia ya sokoni, kila mmoja ajitafutie. Jirani wa pili anasema uwaweke, lakini uwatupie tonge la ugali tu, maana paka akishiba hakamati panya. Na wewe mfuko wako ni mwepesi, na watoto wako mwenyewe wanataka kula. Utafanya nini?

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, halifai kuandikwa. Lakini dini yetu haikuliona dogo. Lina historia ndefu, na katika historia hiyo mna majibu ya majirani wote wawili.

Imamu Bukhari na Imamu Muslim wamepokea habari aliyoieleza Mtume (s.a.w.) juu ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia ndani, hakumpa chakula, wala hakumwachia akajilia vidudu vya ardhini, mpaka paka akafa. Iangalie habari hiyo vizuri. Kosa la mwanamke yule halikuwa kufuga paka. Mbele yake palikuwa na milango miwili: amlishe, au amwachie ajilishe. Akaifunga yote miwili.

Sasa mrudie jirani wa kwanza na gunia lake. Atakuambia kwamba kuwatupa njiani ndiko kuwaachia. Sivyo. Kuachiwa kunamfaa paka mzima, anayejua kuwinda. Mtoto wa paka wa wiki saba hajui kukamata hata panzi. Ukimtupa sokoni hukumfungulia mlango, bali umemfungia nje pamoja na njaa. Kwake yeye umebaki mlango mmoja tu, nao ni mkono wako.

Miongoni mwa Masahaba waliotupokelea habari hiyo yumo Abu Huraira (r.a.), aliyesilimu mwaka wa 7 wa Hijra. Jina hilo maana yake ni baba wa kijipaka. Imamu Tirmidhi amepokea kutoka kwake mwenyewe kwamba alikuwa akichunga kondoo na mbuzi wa jamaa zake, naye alikuwa na paka mdogo. Usiku akimweka juu ya mti, na mchana akienda naye na kucheza naye, ndipo watu wakampa jina hilo. Na Abu Huraira hakuwa tajiri. Alikuwa katika watu wa Suffa, yaani Waislamu maskini waliokaa penye kivuli katika msikiti wa Mtume, na ameeleza mwenyewe jinsi alivyofunga jiwe tumboni kwa njaa. Basi mtu aliyeionja njaa ndiye aliyetufikishia khabari ya njaa ya paka. Asiseme mtu kwamba huruma kwa wanyama ni kazi ya wenye mali.

Hapa yatupasa tuwe waangalifu. Ziko hadithi tamu juu ya paka zinazosimuliwa na watu, kama ile ya Mtume kukata mkono wa kanzu yake asimwamshe paka aliyelala juu yake, na ule usemi kwamba kupenda paka ni sehemu ya imani. Wanavyuoni wa hadithi hawakuzithibitisha. Tusimzulie Mtume, hata kwa jambo jema, kwani yaliyo sahihi yanatutosha.

Katika yaliyopokewa kwa njia ya kutegemewa ni habari ya Abu Qatada (r.a.). Mke wa mwanawe, Kabsha, alimmiminia maji ya kutawadha, paka akaja akitaka kunywa. Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha anastaajabu, akamweleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, yeye ni katika wanaotuzungukia majumbani. Na Abu Daud amepokea kwamba mwanamke mmoja alitumwa apeleke harisa kwa Bibi Aisha (r.a.). Harisa ni ngano iliyopikwa na nyama mpaka ikapondeka, na sisi watu wa pwani twaiita bokoboko. Alimkuta anasali, akaiweka chini. Paka akaja akala kidogo. Bibi Aisha alipomaliza sala, alikula pale pale alipokula paka. Kwa ajili hiyo madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika mwambao huu, yanasema kwamba masazo ya paka ni twahara, isipokuwa ikionekana najisi mdomoni mwake.

Tutoke Madina, twende Cairo katika karne ya 13. Mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, aliziandika haki za mnyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake ni kwamba amlishe, hata akizeeka au akiugua asiwe na faida tena. Katika mji huo huo na zama hizo hizo alitawala Sultani Baybars, tangu 1260 mpaka 1277, naye akaweka wakfu bustani ili pato lake liwalishe paka wa mji. Miaka zaidi ya 500 ikapita. Mwingereza Edward William Lane, aliyeishi Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, aliandika kwamba bustani ile ilikuwa imeuzwa mara nyingi, na pato lililobaki kwa paka lilikuwa dogo sana. Hata hivyo, kila siku baada ya alasiri matumbo na mabaki ya nyama yaliletwa katika uwanja wa mahkama, paka wakaitwa wakala, na gharama karibu yote ilibebwa na Kadhi. Ona hapo, ndugu yangu. Mali ya Sultani ilipotea, lakini haki haikupotea pamoja nayo. Ilipata mtu mwingine wa kuilipa. Tena chakula chenyewe hakikuwa cha anasa. Kilikuwa mabaki ya wachinjaji, ila ni mabaki ya nyama, si ya mkate.

Na huku kwetu? Mifupa ya panya weusi, ambao asili yao ni Bara Hindi, imefukuliwa Unguja Ukuu katika tabaka za karne ya 7 na ya 8. Vyombo vya biashara vilivyoleta shanga na vyungu vilileta na panya. Palipo panya na nafaka, mwanadamu humtaka paka. Urafiki huo ni wa kale mno. Katika kisiwa cha Kupro limefukuliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500, ambamo paka amezikwa karibu na mtu. Na uchunguzi wa nasaba uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa majumbani wametokana na paka-mwitu wa nchi za Mashariki ya Kati, wa jamii ambayo ipo mpaka leo katika Afrika.

Kumbuka jambo moja katika historia hiyo: paka hakuja kwa mwanadamu kufuata nafaka. Alimfuata panya anayekula nafaka. Hili ndilo jibu la jirani wa pili na tonge lake la ugali. Mbuzi anaweza kuishi kwa majani, na kuku kwa chenga, lakini paka ameumbwa mla nyama. Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba paka anayekosa kitu kiitwacho taurini huharibika macho, na mwaka 1987 ikaonyeshwa kwamba kukosa kitu hicho humdhoofisha moyo pia. Taurini imo katika nyama na samaki. Katika ugali, wali na muhogo haimo. Paka anayelishwa ugali mtupu tumbo litajaa, lakini mwili una njaa. Na kwamba paka akishiba hawindi, si kweli. Kuwinda ni tabia yake hata akiwa ameshiba, na aliyedhoofu kwa njaa hana mbio za kumkamata panya. Mtumishi hanyimwi ujira ili afanye kazi vizuri.

Sasa tazama jinsi Mwenyezi Mungu alivyolifanya jambo hili kuwa jepesi kwa watu wa Mtwara. Panya ni chakula kamili cha paka kwa sababu huliwa mzima: nyama, maini, moyo na mifupa. Kitu kinachokaribia hapo kwa bei ya maskini ni dagaa, maana naye huliwa mzima, na vijifupa vyake ndivyo vinavyojenga mifupa ya mtoto wa paka. Nyama tupu isiyo na mfupa haitoshi kwa mnyama anayekua. Basi dagaa wa kukaushwa waoshe vizuri kuondoa mchanga, waloweke, umwage maji hayo yenye chumvi. Kisha wachemshe bila chumvi, pilipili, kitunguu wala kitunguu saumu, kwani vitunguu humdhuru paka. Waponde. Mchuzi wake usiumwage, kwa sababu sehemu ya taurini hutokea humo. Ukitaka kuongeza wali laini au ugali kidogo ili kipishi kitoshe wote wanne, ongeza, lakini usizidi robo ya chakula.

Siku nyingine badilisha. Waombe wachuuzi wa samaki vichwa ambavyo wangevitupa, uvichemshe na kubandua minofu, miiba mikubwa uitoe. Ukichinja kuku, moyo, firigisi na vipande vya utumbo uliosafishwa na kupikwa ni karamu kwao. Maini yawe kidogo, si kila siku. Yai lililopikwa pia linafaa. Samaki wabichi wasiwe desturi, maana baadhi yao wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiondoa. Mifupa ya kuku iliyopikwa usiwape, hupasuka na kuchoma koo na utumbo. Na bunju, msomaji, asiguswe kabisa, kwani sumu yake huua paka kama inavyoua mtu.

Watoto wa paka wana matumbo madogo. Wape kidogo kidogo mara nne kwa siku, na wakifika miezi sita mara mbili zitatosha. Wakiwa wengi usiwawekee chombo kimoja, kwa sababu mwenye nguvu atakula fungu la mnyonge. Vifuu vinne vya nazi vilivyopangwa mbalimbali ni sahani nne zisizogharimu kitu. Usidhani maziwa ya ng'ombe ni lazima, kwani paka wengi wakishaacha kunyonya huwaharisha. Maji safi ndiyo lazima, mchana na usiku. Yule anayekonda ilhali anakula, mwulize bwana mifugo juu ya dawa ya minyoo, na umwulize pia chanjo ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo humpata paka na hufika kwa watu.

Ukiona wanne ni wengi kwako, ukisha kuwakuza mpe jirani mwaminifu mmoja au wawili. Nyumba zenye mpunga hazikosi kuhitaji paka. Na kabla hujatega sumu tena ndani ya nyumba, mkumbuke yule mama yao. Sumu haichagui, humwua panya, kisha mwenye kumla panya, kisha panya wakazaana wasiwe na mlinzi.

Hesabu sasa gharama yenyewe: konzi za dagaa, vichwa vya samaki vya kutupwa, vifuu vya nazi, na dakika chache za mkono wako. Sultani alitoa bustani. Wewe hukutakiwa bustani. Na zaidi ya paka, wako watoto wako wanaotazama. Mtoto anayemwona baba yake anatia viumbe hai ndani ya gunia hujifunza kwamba mnyonge hutupwa. Anayemwona mama yake anatenga fungu la paka kabla hajatia pilipili chunguni hujifunza kwamba riziki ya Mungu ina wenyewe wengi. Mafunzo hayo atayarudisha kwako siku utakapokuwa mzee usiye na faida.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atutie huruma nyoyoni, na asitujaalie kuwa miongoni mwa waliofunga milango yote miwili. Amin.