Miaka Iliyochorwa kwa Msumari

Makambako haina makumbusho. Anayetaka kujua mji huu ulikuaje na azunguke nyuma ya nyumba za zamani, upande wa jikoni, atazame juu ya mlango. Ataona mwaka: 1977, au 1981, au 1986. Umechorwa kwa msumari plasta ikiwa bado mbichi, tarakimu zimelala kidogo kushoto, na kila saba ina kistari katikati. Aliyeichora miaka hiyo ni mtu mmoja. Mji mzima ulimwita Fundi, na wapo waliomzika bila kujua jina lake jingine.

Mimi nilimjua kwa kazi. Likizo mbili za sekondari nilikuwa saidia fundi wake, nikipanda jukwaani na ndoo za udongo kwa ujira ambao mama aliupokea kabla sijauona. Ukimwamkia asubuhi, "Shikamoo, Fundi," aliitikia marahaba huku macho yake yakiwa ukutani, si kwako.

Mwaka wake wa kwanza lakini haupo kwenye mlango wowote. Ni 1971, na uko relini.

Zamani Makambako ilikuwa njia panda yenye upepo tu, huku barabara ya Mbeya na Zambia, kule ya Njombe na Songea. Mkataba wa reli ya Tanzania na Zambia ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, na Oktoba 1970 jiwe la msingi likawekwa Dar es Salaam. Habari kwamba Wachina wanaandika watu zilipopanda milimani, vijana wa Ubena waliteremka kwa makundi kwenda bonde la Kilombero. Fundi aliteremka nao akiwa na shuka moja na cheti cha darasa la nne.

Kipande alichoangukia ndicho kigumu kuliko vyote. Kutoka Mlimba hadi Makambako reli inaparamia ukingo wa nyanda za juu, na katika kilomita zisizofika 160 kuna mahandaki 18 na madaraja 46. Daraja la mto Mpanga limekaa juu ya nguzo tatu za mita 50 hivi. Ukilipita kwa treni mchana, utaona abiria wazima wanarudi nyuma kutoka dirishani. Fundi alianza kwa kuchota kokoto, akapandishwa kwenye zege. Wachina hawakuwa na Kiswahili kirefu, kwa hiyo walifundisha kwa mikono. Mtu anakuonyesha mara moja, anakuachia, ukikosea anabomoa bila kukasirika, kisha anakurudishia koleo. Fundi alisema hilo la kutokasirika ndilo lililomtisha. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto. Watanzania na Wazambia waliokufa pamoja nao wamelala huko huko kwao, kila mmoja na kijiji chake.

Reli ilipokabidhiwa Julai 1976, yeye alikuwa amekwisha kulipwa na kuachwa Makambako na vitu viwili: ujuzi wa zege na nati moja kubwa ya reli. Nati aliifunga kamba, ikawa timazi yake ya maisha. Mara nyingi aliambiwa kwamba ile ni mali ya umma. Alijibu kwamba umma uulizwe nyumba zake zimenyooka kwa nini.

Na zilinyooka kweli. Siku ya kuchora msingi alikuja mapema kuliko sisi sote. Alipigilia kigingi kwenye kona, akavuta kamba mita tatu upande huu na mita nne upande ule, kisha akapima kutoka ncha hadi ncha. Isipotimia tano kamili, kigingi kinang'oka. Nilimshuhudia aking'oa kigingi kile kile mara sita, mwenye nyumba amesimama pembeni, kuku ameshachinjwa, wageni wa kushuhudia msingi wameshafika na ulanzi unachacha kwenye ndoo. Mara ya saba ilitimia. Aliinuka, akapangusa magoti, akaniambia nilete maji. Mimi nilikuwa nimetoka kufundishwa habari za Pythagoras darasani na nilikuwa na alama nzuri, lakini kona ya kwanza niliyopewa kupanga matofali ilibomolewa ilipofika kozi ya tatu. Bila kukasirika.

Sasa hesabu ya milango. Kuna 1977 tatu ninazozijua. Halafu hakuna 1978, hakuna 1979, hakuna 1980. Nimezunguka mtaa kwa mtaa na sijaziona.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga vyote vipo. Siku iliyofuata daraja la Kyaka lililipuliwa. Jeshi likapanuliwa haraka kwa polisi, magereza, vijana wa JKT na mgambo maelfu kwa maelfu. Fundi alikuwa mgambo. Alikuwa na boma moja lililofika kwenye lenta. Akamkabidhi mwenye nyumba kamba na pima maji, timazi akaitia mfukoni. Walikwenda kwa treni hadi Mwanza, kisha kwa meli hadi Bukoba, na yeye mtu wa milimani alitapika ziwa zima.

Vita hakuisimulia. Tulimchokoza wakati wa kula, tukitaka habari za mizinga ile ambayo Waganda waliipa jina la saba saba, naye anageuza mazungumzo kuwa ya ujenzi. Kyaka alikumbuka vyuma vya daraja vilivyopinda vikiwa majini, na jinsi wahandisi wa jeshi walivyoweka daraja la muda la kuvukia. Hilo aliweza kulieleza kwa nusu saa, kiungo kwa kiungo, akichora kwa kijiti. Mutukula ilipotekwa Januari 1979, matingatinga yaliisawazisha nyumba kwa nyumba, kulipiza yaliyofanywa upande wetu. Fundi alikuwepo. Aliniambia ukuta wa udongo ukisukumwa hauanguki papo hapo kama unavyodhani. Unakaa kwanza, kama mzee anayetafuta kiti. Alisema hayo akiwa ameshika mwiko, akanyamaza, akaendelea kupanga. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema chochote juu ya waliokuwa wakiishi mle, na hata hapo hakuwataja.

Masaka ilianguka Februari, Kampala Aprili 11. Wenzake, alivyosema, waliingia madukani. Simsafishi, sijui yeye aliingia wapi. Ninachojua ni kwamba alipanda kilima cha Namirembe kutazama kanisa kuu, maana hajawahi kuona matofali ya kuchoma yaliyopangwa vile, akazihesabu kozi mpaka alipoitwa.

Aliporudi 1980 alikuta boma lake linamsubiri, nyasi zimeota sebuleni. Hakulimaliza mara moja kwa sababu saruji ilikuwa ya kibali. Mwalimu aliwaomba watu wafunge mikanda miezi 18. Miezi ikaisha, mikanda ikabaki. Ni wakati huo Fundi alipoonyesha ufundi hasa. Alijenga kwa tofali za kuchoma na udongo wa kichuguu, na saruji kidogo aliyoipata aliijaza kwenye maungio ya nje peke yake, ambako mvua inapiga. Ukiingia ndani unaona udongo. Ukitoka nje unaona mistari ya kijivu iliyonyooka kama daftari. Nyumba hizo zimesimama hadi leo, wakati nyingine za karibuni, zilizopewa mifuko ya saruji bila hesabu, zina nyufa za kupitisha kidole. Boma la lenta likapata mlango wa jikoni, na juu yake 1981.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio na sina haja ya kuyataja yote. Kiwanda cha saruji cha Songwe kilianza kazi, lami ikafika Songea, Mzee Ruksa akaingia Ikulu 1985, na malori yakaanza kulala Makambako. Kila aliyekuwa na duka alitaka vyumba vya wageni. 1986 nimezihesabu tisa. Mwaka 2012 mji ukatolewa Iringa na kuingizwa mkoa mpya wa Njombe. Fundi alisema nyumba zake hazikusogea.

Hakutajirika. Madarasa mawili aliyojenga kwa mkataba wa ofisi moja alilipwa nusu, na nusu iliyobaki aliidai mpaka watoto waliosomea humo wakaanza kupeleka wa kwao. Pensheni hakuwa nayo. Julai 25, Siku ya Mashujaa, alivaa koti lake la sufu, akakaa nje ya jiko na redio, akasikiliza tarumbeta mpaka mwisho, kisha akaenda kazini. Kwa jeshi alikuwa amezaliwa 1950, kadi ya mgambo ilisema hivyo. Kadi ya kazi ya reli ilisema 1952. Mwenyewe alizitunza zote mbili kwenye mkebe mmoja na hakuona shida.

Alifariki Julai, mwezi ambao Makambako maji ya kwenye beseni huamka na ganda la barafu na saruji haitaki kukauka. Kaburi lilijengwa na mafundi watatu aliowafundisha. Walipiga vigingi vinne, wakavuta kamba, tatu, nne, na ncha kwa ncha haikutimia tano. Waombolezaji walikuwa wamechoka kwa baridi, na mzee mmoja akasema kwa upole kwamba kaburi si nyumba, nani atapima? Mkubwa wao hakujibu. Aliking'oa kigingi. Tulisubiri mpaka ikatimia, wakateremsha timazi ya nati ya reli kwenye kila kona.

Lilipofika suala la kuandika, mkebe uliletwa na mabishano yakaanza kati ya 1950 na 1952. Shangazi mmoja alishikilia kwamba zote mbili si kweli. Basi wakaiacha sehemu ile wazi. Mkubwa wao akachukua msumari wa inchi nne, akapiga goti kwenye plasta mbichi na kuandika 2017, tarakimu zimelala kidogo kushoto. Akainuka, akatazama, akapiga goti tena kuitilia saba kistari.