Binyavanga Wainaina: Mwana wa Nakuru aliyeanzia kwenye kurasa za mapishi

Kenneth Binyavanga Wainaina, mwanahabari, mhariri na mwandishi wa vitabu, alizaliwa mjini Nakuru Januari 18, 1971 na kufariki jijini Nairobi Mei 21, 2019, akiwa na umri wa miaka 48. Wengi wanaolijua jina lake hukumbuka mambo mawili: makala yake ya kejeli kuhusu namna wageni wanavyoiandika Afrika, na tangazo alilotoa mwaka 2014 kuhusu maisha yake ya faragha. Mambo hayo mawili yamelifunika la tatu, ambalo ndilo lililoibeba kazi yake yote. Binyavanga alianza akiwa mwandishi wa mapishi na safari, zile kurasa ambazo wahariri wa magazeti aghalabu huzijaza mwisho, baada ya siasa na uchumi kupata nafasi. Kwa namna fulani hakuzihama kamwe kurasa hizo. Chakula, muziki wa redioni, mitindo ya nywele, kandanda na maneno ya vijana wa mitaani ndivyo vitu alivyoendelea kuviripoti hadi mwisho, isipokuwa aliviripoti kwa uzito ambao wengine huuweka akiba kwa ajili ya Bunge.

Saluni na pareto

Nakuru aliyozaliwa ilikuwa mji wa reli na wa wakulima, katikati ya mashamba ambayo kabla ya uhuru yalikuwa ya walowezi. Kusini kuna ziwa lenye heroe, kaskazini kuna kreta ya Menengai, na katikati yake waliishi watu wa karibu kila jamii ya Kenya, pamoja na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Baba yake, Job Muigai Wainaina, alikuwa mkurugenzi msimamizi wa Bodi ya Pareto ya Kenya, yenye makao yake makuu mjini humo. Kijana wa leo pengine haelewi uzito wa cheo hicho. Maua hayo meupe, yanayotoa dawa ya kuua wadudu, yalilimwa Molo, Njoro, Mau Narok na kwingineko nyanda za juu, na kwa miaka mingi Kenya iliongoza ulimwenguni kwa uzalishaji wake kabla ya zao hilo kuporomoka.

Mama yake, Rosemary Kankindi, alikuwa mzaliwa wa Bufumbira, katika wilaya ya Kisoro kusini magharibi mwa Uganda, na mjini Nakuru aliendesha saluni. Mtu anayetaka kujua jinsi mwandishi huyu alivyojifunza kusikiliza anaweza kuanzia hapo. Hakuna ofisi ya gazeti inayopokea habari nyingi kwa siku kuliko saluni ya mji wa wastani, na hakuna mahali ambapo lugha hubadilika upesi zaidi kufuatana na anayeingia mlangoni.

Jina lenyewe lilikuwa kitendawili kwa Wakenya. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Kwa kuwa alikuwa mwana wa pili, aliitwa Binyavanga, jina la babu yake wa Uganda. Hivyo alikulia katika nchi ambako jina hufichua kabila papo hapo, akiwa na jina lisilofichua chochote. Wazazi wake walikuwa na watoto wengine watatu: James, June Wanjiru na Melissa.

Utoto huo ndio unaoanzisha kitabu chake cha kumbukumbu, One Day I Will Write About This Place, kilichochapishwa mwaka 2011. Humo anamweleza mtoto anayezidiwa na sauti. Magitaa ya redioni, mazungumzo ya lugha asizozielewa, vishindo vya mtaani, vyote vinamwingia kwa wakati mmoja, naye akabuni neno lake mwenyewe la kuviita: kimay. Ni neno la kitoto, lakini mtu mzima aliyekuja kuandika kuhusu muziki na miji ya Afrika alikuwa bado akiutafuta mpangilio katika kelele hizo hizo.

Baada ya shule ya msingi mjini Nakuru alisomea katika shule za upili za Mang'u na Lenana. Mwaka 1991 alielekea Afrika Kusini kusomea biashara katika Chuo Kikuu cha Transkei. Masomo hayo hayakumkaa. Alijifungia chumbani akisoma riwaya, mwaka baada ya mwaka, hali ambayo katika familia ya mkurugenzi msimamizi haikuwa habari ya kufurahisha.

Mapishi kwanza

Kazi ilipatikana Cape Town. Huko aliishi kwa kuandika makala za chakula na safari akiwa mwandishi wa kujitegemea, pamoja na shughuli za upishi. Wasifu wake rasmi ulizoea kutaja kwamba alikuwa amekusanya mapishi zaidi ya 13,000 kutoka pembe zote za Afrika. Ni nani aliyeyahesabu, wasifu huo haukusema. Lililo wazi ni kwamba chakula kilimpa nidhamu ya kazi. Mwandishi wa mapishi hawezi kuandika kuhusu "Afrika" kwa jumla. Lazima aseme ni mboga gani, imekatwa vipi, imechemshwa kwa dakika ngapi, na nani aliyemfundisha mpishi.

Mwaka 1995 alirudi nyumbani kwa safari iliyompitisha Nairobi, Nakuru, Umasaini na Ukambani, na kuishia Kisoro, ambako ukoo wa mama ulikusanyika kuadhimisha ndoa ya miaka mingi ya babu na bibi. Kutokana na safari hiyo aliandika Discovering Home, simulizi ndefu iliyo nusu ripoti, nusu kumbukumbu. Ilichapishwa na G21, jarida la intaneti la Marekani, wakati ambapo wahariri wengi waliuona mtandao kama mahali pa kutupia maandishi yaliyokataliwa kwingine.

Mama yake alifariki mwaka 2000, mwanawe akiwa bado Afrika Kusini. Kutokuwapo kwake kando ya kitanda hicho ni jambo alilolirejea katika maandishi yake kwa miaka mingi.

Simulizi yake ilipowasilishwa kushindania Tuzo ya Caine ya Uandishi wa Kiafrika, waandaaji walisita kwa sababu haikuwa imechapishwa kwenye karatasi. Alijibu kwa hasira, akitaka kujua ni majarida mangapi ya karatasi yaliyokuwa yakichapisha fasihi katika bara hili. Hoja hiyo haikuwa na jibu jepesi. Julai 2002 alitangazwa mshindi, mbele ya washindani waliojumuisha Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria, ambaye wakati huo hakuwa na riwaya hata moja sokoni.

Neno moja la Kiswahili

Angeweza kuzitumia fedha za tuzo kukaa na kuandika riwaya. Badala yake alijiunga na waandishi na wasanii wenzake wa Nairobi, na mwaka 2003 likatoka toleo la kwanza la jarida la Kwani?

Jina hilo linastahili maelezo, hasa kwa msomaji wa Kiswahili. Katika sarufi ya vitabuni, "kwani" ni kiunganishi cha kutoa sababu. Katika midomo ya Wakenya, hasa ikiwekewa alama ya kuuliza, ni changamoto: nani alisema haiwezekani? Wewe ni nani wa kunikataza? Ni neno la makanga na la mwanafunzi aliyechoka kuamrishwa. Kulichapa juu ya jalada la jarida la fasihi mwaka 2003, miezi michache baada ya utawala wa KANU kuondoka madarakani na wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji kutumika kama silaha ya kampeni, kulikuwa ni kuutaja wakati kwa jina lake.

Ndani ya jarida hilo mhariri alichanganya vitu ambavyo havikuwahi kulala kitanda kimoja. Hadithi fupi zilikaa karibu na Sheng, vibonzo, picha, mahojiano na mashairi ya vijana wa muziki wa kufoka. Baadhi ya wahadhiri wa fasihi katika vyuo vikuu walilalamika kwamba hiyo haikuwa fasihi bali ovyoovyo la mjini. Kulikuwa na ukweli kidogo katika lawama hizo, kwa kuwa si kila ukurasa ulistahili wino wake, na Kiswahili sanifu kilipata nafasi finyu mno katika jarida lililokuwa limebeba jina la Kiswahili. Lakini matokeo yalionekana upesi. Hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor, Weight of Whispers, iliyotoka katika toleo la kwanza, ilitwaa Tuzo ya Caine mwaka huo huo wa 2003. Mwaka uliofuata Parselelo Kantai aliingia katika orodha ya mwisho kwa hadithi kuhusu bendi ya muziki na wimbo wake.

Binyavanga mwenyewe aliendelea kufanya kazi ya uanahabari. Makala zake zilitokea katika The EastAfrican, Mail & Guardian la Afrika Kusini, National Geographic, Vanity Fair na Chimurenga. Timu ya Togo ilipofuzu kwa mara ya kwanza kushiriki Kombe la Dunia, lile la Ujerumani mwaka 2006, yeye ndiye aliyeandika sura ya Togo katika kitabu cha Kiingereza kilichozigawa nchi zote 32 kwa waandishi mbalimbali. Aliyetarajia kusoma mbinu za uwanjani alikutana na soko la Lome, wauza vitambaa, na familia iliyotawala nchi hiyo tangu 1967.

Makala iliyompa umaarufu ilianza kama barua ya malalamiko. Alikuwa amechukizwa na toleo la zamani la jarida la Granta la Uingereza kuhusu Afrika, akamwandikia mhariri kwa baruapepe ndefu. Matokeo yake ni How to Write About Africa, iliyochapishwa na Granta yenyewe mwaka 2005: orodha ya mawaidha ya uongo kwa mwandishi mgeni, ikimshauri kutumia machweo, njaa, wanyama wenye hekima na watu wasio na majina. Makala hiyo ilisambaa kuliko chochote alichowahi kuandika. Alitania baadaye kuhusu kugeuzwa kuwa mtu wa kuombwa ruhusa na kila mzungu anayetaka kuandika kuhusu bara hili.

Mwaka 2007 Jukwaa la Uchumi Duniani lilimteua miongoni mwa viongozi vijana wa ulimwengu. Alikataa. Alikubali, hata hivyo, kufundisha Marekani, kwanza Union College na baadaye Bard College, ambako aliongoza kituo cha waandishi na wasanii wa Afrika kilichopewa jina la Chinua Achebe.

Nakuru inaungua

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliufikia mji wa kwao mwishoni mwa Januari 2008. Nakuru, ambayo wiki za mwanzo ilikuwa kimbilio la waliofurushwa kutoka kaskazini mwa Bonde la Ufa, ikageuka uwanja wa mauaji, na Naivasha ikafuata. Binyavanga na wenzake waliunda kundi la waandishi wa Kenya waliojitolea kuripoti na kuandika kuhusu yaliyokuwa yakitokea, na mwaka huo Kwani? ilitoa toleo la tano kwa sehemu mbili, likiwa limejaa ushahidi wa watu wa kawaida. Kwa mtu aliyekuwa amezilea hisia zake katika saluni iliyopokea wateja wa makabila yote, hii haikuwa mada ya mbali.

Januari 2014, siku alipotimiza miaka 43, alichapisha maandishi aliyoyaita sura iliyopotea ya kitabu chake. Ndani yake alimwambia marehemu mama yake, kando ya kitanda cha hospitali ambacho hakuwahi kukifikia, kwamba yeye anapenda wanaume wenzake. Wakati huo Nigeria ilikuwa imetia saini sheria kali dhidi ya watu wa hali hiyo, na Uganda, nchi ya mama yake, ilikuwa njiani kufanya vivyo hivyo. Nchini Kenya, ambako sheria ya adhabu inaharamisha mahusiano hayo, alipokea matusi na pongezi kwa kipimo ambacho ni vigumu kukilinganisha. Jarida la Time lilimweka katika orodha yake ya watu 100 wenye ushawishi mwaka huo. Desemba 1, 2016, Siku ya Ukimwi Duniani, alitangaza pia kwamba alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI.

Afya yake ilikuwa imekwisha kudhoofika. Mwaka 2015 alipata kiharusi kilichomwathiri usemi, na marafiki na wasomaji wakachanga fedha ili akatibiwe India. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 2011, mwaka ule ule kitabu cha kumbukumbu kilipotoka. Riwaya ambayo wachapishaji walikuwa wakiisubiri haikutokea. Kiharusi kingine ndicho kilichomaliza maisha yake Mei 2019.

Mkusanyiko wa makala zake, uliopewa jina la How to Write About Africa, ulichapishwa London mwaka 2022 ukiwa umehaririwa na rafiki yake Achal Prabhala wa India, na utangulizi wake ukaandikwa na Adichie, yule aliyeshindana naye miaka 20 kabla. Mhariri hakukomea kwenye makala zilizojulikana. Alirudi nyuma hadi miaka ya Cape Town na kuziingiza pia kazi za awali za mwandishi wa kujitegemea, mapishi yakiwemo.