Mji Uliozaliwa Kando ya Reli

Ikiwa wewe, msomaji, umepata kushuka katika stesheni ya gari la moshi ya Nairobi, bila shaka umeona majumba marefu, barabara pana na watu wengi kama siafu. Nakuomba uyaondoe yote hayo katika fikira zako kwa muda mfupi. Ondoa majumba, zima taa, futa barabara. Kitakachobaki mbele yako ni uwanda wa nyasi, kinamasi, na kijito ambacho Wamaasai walikiita Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Hivyo ndivyo mahali hapo palivyokuwa mwanzoni mwa mwaka 1899. Walikuja hapo wafugaji kunywesha ng'ombe wao, na usiku simba walipita bila ya kuulizwa habari.

Reli iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 ilifika mahali hapo mwishoni mwa mwezi wa Mei, mwaka 1899, baada ya mwendo wa maili zipatazo 327. Mbele yake palikuwa na miinuko ya nchi ya Wakikuyu na bonde kuu lenye mteremko mkali. Hapo palikuwa mahali pa mwisho penye ardhi tambarare ya kutosha kwa karakana, ghala na njia za kugeuzia magari. Kwa hiyo mhandisi mkuu wa reli, George Whitehouse, aliyahamisha makao makuu ya kazi yake kutoka pwani akayaweka hapo. Mwaka ule ule John Ainsworth, mtawala wa jimbo la Ukamba, naye aliihamisha ofisi yake kutoka Machakos. Tazama basi jinsi mji huu ulivyopata kuzaliwa. Mahali palichaguliwa kwa kuwa palifaa kwa gari la moshi. Kama palifaa pia kwa makao ya mwanadamu, hilo lilikuwa swali la baadaye.

Watu hawakungoja swali hilo lijibiwe. Mahema yakapandwa, na baada ya mahema nyumba za mabati. Wahindi wakafungua maduka ya nafaka, nguo na taa za mafuta. Wapagazi, mafundi, askari, madobi na watumishi wakaja kutafuta ujira, na Wakikuyu wa jirani wakaleta mboga na kuni kuuza. Mwaka 1900 serikali ilitunga kanuni za mji, na mpaka wake ukawa duara: maili moja na nusu kila upande kutoka katika ofisi ya mtawala. Ilikuwa rahisi kuchora duara katika karatasi. Lakini watu walioishi ndani ya duara hilo walihitaji maji ya kunywa, mahali pa kutupa taka, vyoo, na njia ya kupitisha maji ya mvua. Na mambo hayo hayachorwi kwa siku moja.

Udongo wa Nairobi ya zamani ulikuwa mweusi na mzito. Wakati wa kiangazi ulipasuka nyufa, na masika ilipofika ukawa tope lililokamata magurudumu ya mikokoteni. Maji yalituama kati ya nyumba. Mto uliotoa maji ya matumizi ulipokea pia maji machafu. Vyoo vilikuwa vya ndoo, na kila ndoo ilingoja mtu wa kuichukua. Asipokuja, ilibaki pale pale. Ainsworth alipanda mikaratusi mingi, kwa kuwa mti huo hunywa maji mengi na husaidia kukausha kinamasi. Ilikuwa kazi njema. Lakini mti huhitaji miaka ili ukue, na mji ulikuwa ukikua kwa miezi.

Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi. Tauni ni maradhi ya panya kwanza, kisha huwa ya watu. Kiroboto aliyenyonya damu ya panya mgonjwa huhamia kwa mtu panya yule akifa. Mwaka 1898 daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alikuwa amekwisha kuonyesha jambo hilo huko India, ingawa wengi hawakumsadiki mara moja. Sasa fikiri juu ya mtaa ule: magunia ya nafaka yamepangwa mpaka darini, nyumba zimeshikana bega kwa bega, taka zimelundikana nyuma ya maduka. Kama ungalikuwa panya, ungalitafuta mahali gani pema zaidi ya hapo?

Wakubwa wa mji waliamuru mtaa ule uchomwe moto. Maduka yakateketea, na pamoja nayo akiba na jasho la watu waliokuwa wameanza maisha upya ugenini. Huenda moto uliwaua panya wengi. Lakini haukuchimba mfereji hata mmoja, wala haukuleta maji safi, wala haukujenga ghala ambalo panya hawezi kuliingia. Kwa sababu hiyo tauni ilirudi Nairobi zaidi ya mara moja kabla ya mwaka 1914. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nairobi ilijenga ukuta wake mara nyingi, na kila mara kwa gharama kubwa kuliko ile ya kuziba ufa.

Isidhaniwe kwamba hakuna lililofanyika. Mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi ambaye alikuwa amepata mali kwa kandarasi za reli, aliujengea mji soko, na bustani yenye jina lake ipo mpaka leo katikati ya jiji. Maji yaliletwa kwa mabomba kutoka chemchemi za Kikuyu, na umeme kutoka mto Ruiru. Kabla mji haujatimiza miaka kumi, serikali iliyahamishia huko makao yake makuu kutoka Mombasa. Kidogo kidogo kambi ya reli ilipata sura ya mji.

Hapa, msomaji, nataka utulie, maana ndipo penye kiini cha habari hii. Huduma hizo zilikwenda wapi kwanza? Bomba na mfereji vilielekea penye nyumba za wakubwa, juu ya vilima vyenye hewa nzuri. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza afya ya mji. Badala ya kushauri tu kwamba kila mtaa upate maji safi na vyoo, alishauri pia kwamba watu watengwe kwa rangi zao: Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali. Maradhi ambayo chanzo chake kilikuwa taka na panya yalihesabiwa kuwa tabia ya watu. Aliyenyimwa mfereji alilaumiwa kwa uchafu, na uchafu wake ukawa sababu ya kumnyima tena.

Waafrika waliojenga mji kwa mikono yao waliishi katika vijiji vya pembeni kama Pangani, katika nyumba walizozijenga wenyewe kwa miti na udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 baraza la mji lilitenga mahali pa Pumwani, likapima viwanja na kuweka mabomba na vyoo vya kutumiwa na watu wote pamoja. Pangani yenyewe ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Pumwani watu walikaa kwa kubanana, lakini walijenga misikiti, wakapangishana vyumba, wakasaidiana katika harusi na mazishi. Pale ambapo baraza la mji halikufika, ujirani ulijaribu kufika. Mwaka 1926 hospitali ya uzazi ilifunguliwa huko, na maelfu kwa maelfu ya wakazi wa Nairobi wamezaliwa ndani yake.

Mji haukuacha kukua. Mwaka 1906 ulikuwa na watu zaidi ya 11,000. Mwaka 1948 walifika karibu 119,000. Mwaka 1950 ulipewa heshima ya kuitwa jiji, na mwaka 1956 bwawa la Sasumua, katika milima ya Nyandarua, lilikamilika ili kuutuliza kiu. Mwaka 1962 Charles Rubia alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wake. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu zaidi ya 4,397,000. Hata hivyo, yako mitaa ambayo maji bado hununuliwa kwa mtungi, na mwenye kipato kidogo hulipa zaidi kwa mtungi mmoja kuliko mwenye bomba nyumbani mwake. Duara la mwaka 1900 limefutwa katika ramani, lakini mstari baina ya aliyepewa na aliyesahauliwa haujafutika.

Huenda wewe unayesoma haya unaishi katika mji mchanga: jana ulikuwa njia panda yenye maduka matatu, leo una benki, kituo cha mabasi na nyumba zinazochipuka kila upande. Furahi, kwa maana kukua ni baraka. Lakini siku moja zunguka mji huo kwa miguu. Tazama maji ya mvua yanakokwenda, taka zinakotupwa, na mahali bomba la mwisho linapokomea. Kisha uliza ni nani wanaoishi mbele ya hapo. Kiroboto wa mwaka 1902 hakuuliza kabila la mtu wala mali yake, na kipindupindu cha siku hizi hakiulizi. Baada ya miaka michache utakuwa mpiga kura, na pengine diwani, mhandisi au muuguzi. Ndipo ukumbuke kwamba Nairobi ilikuwa na nafasi ya kuchimba mifereji yake wakati bado ni changa, ikachagua moto.